Wanyama na mimea ya pwani ya Tanga: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi, walimu, wavuvi wa Sahare na Deep Sea, na wajukuu walioachiwa dawa na bibi zao bila maelezo. Mengine tumeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mstari mmoja, kadiri yanavyostahili. Tukiulizwa kama matumizi fulani ya jadi bado yanafaa, sisi huanza kwa kuuliza kiumbe huyo anazaaje na anachukua muda gani kukua. Majibu mengi hapa chini yanategemea hilo.

Silikanti ni samaki gani hasa? Analiwa?

Ni samaki mkubwa wa kilindini, wa buluu nzito yenye madoa meupe, anayeweza kukaribia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 90. Madoa hayo hayafanani kwa samaki wawili, kwa hiyo watafiti huyatumia kumtambua mmoja mmoja. Cha ajabu zaidi ni mapezi: yana shina la nyama lenye mifupa ndani, na akiogelea huyapeleka kwa kupishana, la kushoto mbele, la kulia nyuma, jinsi mnyama wa miguu minne anavyotembea.

Wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogandia mawe tu, na waliamini alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 hivi iliyopita. Desemba 1938 akaletwa mmoja kwenye bandari ya East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo akaona kwamba huyu si samaki wa kila siku. Jina la kisayansi, Latimeria, linamkumbuka yeye.

Kuliwa, hapana. Nyama yake imejaa mafuta ambayo tumbo la binadamu haliyawezi, na anayejaribu huishia kuharisha. Huyu hana bei sokoni wala nafasi kwenye mkoba wa mganga. Anakufa bure.

Mbona wazee wetu hawakumzungumzia, akaanza kunaswa Tanga miaka ya 2000?

Kwa sababu wavu haukuwa ukifika kwake. Samaki wa karibu walipopungua, na baruti ilipokwisha kuvunja sehemu kubwa ya matumbawe, watu walisogeza majarife kwenye maji marefu zaidi, kule sakafu ya bahari inapoanza kuporomoka kuelekea mkondo wa Pemba. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa na samaki wakubwa, hukaa usiku kucha, wala halichagui. Silikanti hulala mchana kwenye mapango ya mwamba na kutoka usiku kutafuta chakula, basi wanakutana.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoanzia upande wa kaskazini wa mdomo wa mto Pangani hadi kupita Jiji la Tanga. Wavuvi wengi waliipokea kwa kununa, na tunawaelewa: ukiambiwa uache jarife kwa ajili ya samaki usiyemla, lazima uulize kwa nini. Jibu liko kwenye uzazi wake. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulisoma pete za magamba na kukuta kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, anachelewa kupevuka hadi umri wa miaka 50 hivi, na mimba yake huchukua miaka mitano. Jike mmoja aliyekufa jarifeni hana mbadala katika umri wa mvuvi aliyemnasa.

Wauza supu wanasema pweza anaongeza nguvu za kiume. Ni kweli?

Swali hili huulizwa zaidi na watu wazima, kwa sauti ya chini. Pweza ni chakula kizuri: protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya chuma na zinki, na vitamini B12. Mtu mwenye upungufu wa damu au aliyeshinda na njaa atajisikia tofauti akinywa supu yake. Lakini hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba anatibu tatizo la nguvu za kiume. Ile joto inayopanda mwilini ni kazi ya pilipili, tangawizi na ndimu, na kwa kweli pale jioni penye kibaraza na mazungumzo hata chai ingekuchangamsha. Mwenye tatizo la kudumu apime sukari na shinikizo la damu, maana mara nyingi chanzo huwa huko.

Kwa nini vijiji vingine hufunga mwamba miezi mitatu? Pweza si wapo tu?

Wapo, na ndiyo sababu kufunga kunalipa. Pweza hukua haraka mno na maisha yake hayazidi mwaka mmoja na ushei. Jike hutaga mayai kwa maelfu mengi mara moja tu katika maisha yake, huyaning'iniza kwenye paa la tundu lake, huyapulizia maji safi na kuyalinda bila kula mpaka yaangue, kisha hufa. Mwamba ukipumzishwa miezi michache, wale wa robo kilo huwa wamekwisha kuwa wa kilo na zaidi, na baadhi ya majike wamewahi kutaga. Siku ya kufungua, kijiji kizima kinashuka baharini. Kanuni za uvuvi, kwa vyovyote vile, haziruhusu kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo.

Ukitaka kumwona, usitafute pweza. Tafuta mlango wake. Utaona tundu kwenye mwamba, na mbele yake chungu kidogo cha maganda ya chaza, miguu ya kaa iliyonyonywa na vijiwe vilivyopangwa kama vimefagiliwa. Akiwa ndani, kijiwe kimoja au viwili huwa vimevutwa kuziba mlango. Akina mama wanaokwenda pwani hutambua hivyo kwa jicho moja wakati wageni bado wanahangaika na malapa yao. Kijiti chembamba kinatosha kumtoa. Wanaopiga mwamba kwa nondo ili kupanua tundu wanabomoa nyumba ambayo pweza mwingine angehamia baada ya siku chache, na hilo linatuudhi kuliko wavu wowote.

Nimeona kasa ametaga ufukweni. Nifanye nini?

Zima tochi, kaa mbali, usimulike kwa simu. Akimaliza kufukia atarudi baharini mwenyewe. Asubuhi mwarifu afisa uvuvi au kamati ya ulinzi wa rasilimali za bahari ya kijiji chako. Usihamishe mayai kwa mkono wako mwenyewe hata kama nia ni njema: yakigeuzwa baada ya saa chache za kwanza, kiini ambacho tayari kimejishika kwenye ganda huachia na kufa.

Kiota kimoja cha kasa wa kijani huwa na mayai mia moja hivi, na makinda hutoka baada ya miezi miwili kasoro. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto huleta majike, wa baridi madume. Mama harudi kutaga kila mwaka. Hupisha miaka miwili, mitatu au zaidi.

Maziwe kumetokea nini? Wazee wanasema kilikuwa kisiwa chenye miti.

Wanasema kweli. Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa cha mchanga chenye mivinje na vichaka, na kilijulikana kama mahali pakubwa pa kasa kutagia katika Afrika Mashariki nzima. Aina tatu za kasa zilitaga hapo. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini kuni zilikuwa zimekatwa kwa miaka mingi, na mchanga usio na mizizi hausimami mbele ya kusi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa. Yakijaa unapita na ngalawa juu yake.

Sasa tia akilini tabia ya kasa. Jike hurudi kutaga kwenye eneo alikozaliwa, baada ya miongo ya kuzunguka baharini. Kwa hiyo kasa waliendelea kuja Maziwe kutaga kwenye mchanga ambao bahari ingeufunika siku chache baadaye, na kila kiota kilikuwa cha kuzama. Ndiyo maana watu wa Ushongo waliofunzwa kazi hiyo huvuka, huyachukua mayai mapema na kuyazika juu ya ufuko wa bara hadi yaangue. Wanafunzi tuliowapeleka siku ya makinda kutoka huwa hawasemi neno njiani kurudi, na hiyo kwa watoto wa darasa la sita si jambo dogo.

Lakini kasa si alikuwa chakula cha pwani tangu zamani?

Alikuwa. Kuna ufundi hata wa kumvua kwa samaki mwingine: chazo, yule mwenye kinyonyeo kichwani, alifungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa, akishamganda, mvuvi anavuta kamba taratibu. Mafuta yalitumiwa kwa kifua na kwa kupaka vyombo, magamba ya ng'amba, aina mojawapo ya kasa, yalitengenezwa vitana na mapambo na kusafirishwa ng'ambo. Hatuoni aibu kuyasimulia haya. Ila kasa huchukua miongo kadhaa kupevuka, na kati ya makinda elfu huenda akafika mmoja tu ukubwani. Kinachowezekana kwa wavuvi wachache wenye chazo hakiwezekani kwa nyavu za leo, na sheria inakataza kasa wote, mayai yao na magamba yao.

Halafu kuna sumu. Nyama ya ng'amba imeua watu katika pwani hii na visiwani, familia nzima kwa chungu kimoja. Kuchemsha hakuiondoi, na mtoto anayenyonya anaweza kuipata kupitia maziwa ya mama. Aliyekula akianza kuwashwa koo, kutapika au kusinzia, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Mikoko yote si mikoko tu?

Sivyo, na fundi wa zamani angekucheka. Pwani ya Tanzania ina aina kumi hivi, na kila moja ina mahali pake na kazi yake. Mbele kabisa, unaopokea mawimbi, ni mlilana. Mbao zake zilizojipinda zenyewe zinatoa mataruma, yaani mbavu, za majahazi na madau, na mizizi yake myepesi inayochomoza juu hutengenezwa maboya ya nyavu. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi inayosimama kama miguu. Kisha msinzi, ambao wengine huuita muia, na mkandaa wenye gome la kutia ngozi na nyavu rangi nyekundu ili zisioze. Mkomafi unatambulika kwa tunda la mviringo linalokaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mbao zake nzuri kwa samani, na tunda hutumiwa na waganga kwa tumbo la kuhara. Mchu unaota mbele na nyuma pia, popote penye chumvi ya kukithiri. Kuni zake zilikuwa za kuchomea chokaa.

Boriti za mkandaa, msinzi na mkoko zina tanini nyingi, hivyo mchwa hauzipendi. Majahazi yalizibeba hadi Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti mirefu. Na ukiingia kwenye nyumba kongwe za mawe za pwani, utaona vyumba virefu na vyembamba: upana wa chumba ulipangwa na urefu wa boriti.

Jambo la kufanya na wanafunzi: chagua jani la mchu wakati wa jua, ligeuze, ulambe. Ni chumvi. Mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia vitundu vya majani. Asubuhi kabla ya upepo punje zake zinaonekana kwa macho. Halafu tafuta mkoko wenye miche inayoning'inia. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikawa kijiti kirefu cha kijani, ndipo inadondoka kwenye tope au kuelea mpaka ipate pa kushika.

Tunataka kupanda mikoko shuleni kwetu. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuuliza kama pale pamewahi kuwa na mikoko. Tumechoshwa kidogo na zoezi la picha: fulana mpya, mabango, vijiti vya mkoko vimechomekwa kwa mistari kwenye tope tupu la mbele ambalo ni la mlilana, au ambalo halikuwa la mti wowote. Baada ya msimu mmoja vimekufa vyote. Mara nyingi eneo lililokatwa litaota lenyewe kama maji yanaingia na kutoka vizuri na ng'ombe hawapiti. Mashamba ya chumvi yaliyoachwa, kwa mfano, yanahitaji tuta livunjwe kabla ya mche wowote. Kukata ni kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama ni fito za kibanda.

Kaa koko dume na jike nitawatofautishaje?

Mgeuze (amefungwa makucha, tafadhali). Kifuniko cha tumbo cha dume ni chembamba na kimechongoka. Cha jike aliyepevuka ni kipana cha mviringo, karibu kujaza tumbo lote. Jike mwenye mayai husafiri kutoka mikokoni hadi baharini kuyaangulia, kwa hiyo ukimnasa njiani umekata safari ya wote. Mwache.

Komba hulewa tembo la mnazi kweli, au ni msemo tu?

Wagema wanawaona. Maji matamu yanayodondoka kutoka kwenye panda la mnazi yana sukari nyingi na huanza kuchacha ndani ya saa chache kwa hamira ya asili. Komba ni mnyama wa usiku anayekula matunda, wadudu na utomvu wa miti. Chombo kilichojaa utamu juu ya mnazi kwake ni karamu. Sauti yake ya kilio usiku imezaa hadithi nyingi za watoto waliopotea. Ni jirani mzuri, usimfuge.

Kakakuona anatabiri mwaka wa mvua?

Sehemu nyingi nchini, akionekana, huwekewa vitu mbele yake, kama maji, nafaka na silaha, na watu hutazama anachokiendea. Sisi hatuamini utabiri huo. Kakakuona haoni vizuri, anaongozwa na pua, na chakula chake ni sisimizi na mchwa tu, hivyo mahindi hayamhusu. Tunachoheshimu ni kwamba pale anaporudishwa porini salama baada ya shughuli, desturi imemlinda.

Anayemmaliza ni mwingine: biashara ya magamba. Magamba yake ni kitu kilekile cha kucha zako. Anazaa mtoto mmoja kwa wakati, naye humbeba mkiani. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote za kakakuona. Ukimwona, toa taarifa kwa maafisa wa wanyamapori.

Bundi na kinyonga je?

Bundi anakula panya. Kinyonga hana sumu. Waacheni wote wawili.

Jiwe la nyoka linavuta sumu?

Halivuti. Nyoka wengi wanaouma hawatii sumu ya kutosha kuua, na hao ndio waliolipa jiwe sifa. Usichanje, usifunge kamba ya kukaza, usinyonye. Mtulize mgonjwa, asitumie kiungo kilichoumwa, na gari lielekee hospitali.

Sisi ni watu wa mjini. Msitu wa Amani unatuhusu nini?

Fungua bomba. Maji ya Jiji la Tanga yanatoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na Zigi inaanzia kwenye milima ya Usambara Mashariki, uliko msitu wa Amani. Msitu ukikatwa, mvua hushuka na udongo wote kwa siku moja, kisha kiangazi mto unabaki mawe.

Milima hiyo hiyo ndiyo kwao lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Afisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Huko madirishani linastawi kwa mamilioni. Huku kwake linaota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu, na mti mkubwa wa juu ukianguka, jua linalikausha.

Mwarobaini ni mti wetu?

Ulitoka pande za Bara Hindi. Umeshakuwa mwenyeji.

Tunaleta wanafunzi kuangalia mwamba. Tuje lini na tuvae nini?

Njooni siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali. Kwetu hapa hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, wakati unaofaa shule. Siku za maji mafu mtatazama bahari tu. Fikeni saa tatu ili mfuate maji yakitoka, na muanze kurudi mara yakigeuka, kwani hujaza mifereji ya nyuma kabla ya mahali mliposimama.

Viatu vya kufunga, si malapa. Kwenye mchanga wenye maji buruteni miguu badala ya kuinua, ili taa aliyejifukia aondoke. Akimchoma mtu, kidonda kiingizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyostahimili, halafu hospitali. Konokono mwenye kombe la umbo la pia asishikwe hata akiwa mzuri kiasi gani. Baadhi yao huchoma kwa sumu kali.

Watoto wanaweza kubeba makombe nyumbani?

Waokote, watazame, wachore, warudishe. Kombe tupu ni nyumba ya kaa wale wanaohama kombe kwa kombe kadiri wanavyokua, na akikosa la kumtosha huliwa. Yale makubwa ya kupuliza kama baragumu msinunue kabisa: konokono wake ni miongoni mwa wachache wanaokula kiti cha pwani chenye miiba, yule anayetafuna matumbawe.